Kutoka Kilifi Hadi Lang'ata: Safari ya Kufuata Matundu ya Koo

Nimeandika haya nikiwa nimesharudi Kilifi, kwa kuunganisha daftari la safari na picha za simu. Likizo ya Aprili nilikwenda Nairobi kwa jambo moja: kuuona kwa macho, hatua kwa hatua, ukoo ambao nimeufundisha ubaoni miaka mingi. Ukoo huo unamjumuisha kiti cha pweza anayebaki kwenye vidimbwi bahari ikipwa, pamoja na jongoo bahari, samaki, chura, chatu, twiga, na wewe unayesoma. Wataalamu huwaita deuterostomu, kundi ambalo Karl Grobben alilipa jina mwaka 1908.

Alama yao ya kwanza huonekana mapema mno. Kiinitete kikiwa bado ni tufe la seli, hubonyea mahali pamoja na kufanya tundu. Kwa konokono na minyoo wengi, tundu hilo huelekea kuwa mdomo. Kwetu sisi na kwa kiti cha pweza, huwa upande wa haja kubwa, na mdomo hutoboka baadaye mahali pengine. Ila mimi niliazimia kufuata alama nyingine, ambayo wanafunzi wangu huisahau haraka: matundu ya koo, yale yanayotoboka kutoka kooni hadi nje, kama kwenye matamvua ya samaki. Nilitaka kuona yalianzia wapi na yameishia wapi.

Jumapili: Kilifi, Miritini, Syokimau

Matatu ya alfajiri kutoka Kilifi hadi Mombasa ilinitoza 300, na nyingine ya Miritini, kwenye kituo cha treni, 100. Tiketi ya treni daraja la kawaida ni 1,500. Niliikata kwa simu siku kadhaa kabla, maana shule zikifungwa viti huisha. Fika zaidi ya saa nzima mapema. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria wanasogea kando, mbwa wa polisi anapitishwa kunusa begi moja baada ya jingine, ndipo mnaruhusiwa kuendelea.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Changamwe anayempeleka mjukuu wake Athi River. Kabla hatujafika Mariakani alikuwa ameshafungua bakuli la mbaazi na mahamri. "Kula, mwanangu, safari ndefu hii." Nilikula. Tulipoingia Tsavo tukaona ndovu wekundu kwa vumbi, na mtoto akauliza kama ndani ya mkonga kuna mfupa. Nikamwambia hakuna hata mmoja, ni misuli mitupu, pua na mdomo wa juu vilivyorefuka pamoja. Akakaa akiishika pua yake hadi Voi. Baada ya Mtito Andei nililala.

Syokimau tulipokelewa na mvua. Matatu ya kuelekea mjini 100, nikashuka Bellevue, nikachukua boda hadi South C anakokaa shangazi yangu. Kijana wa boda alinivika koti lake la mvua, yeye akalowa. Nilipomwongezea hamsini alinirudishia: "Hapana, mzee, tulipatana mia."

Jumatatu: mjini

Siku ya foleni. Kutoka South C hadi mjini tulitumia muda ambao ungenitosha kutoka Kilifi kwenda Malindi. Nilipita City Market, barabara ya Muindi Mbingu, kuangalia samaki wa kwetu walivyopanda bei wakifika bara. Kulikuwa na pweza kwenye barafu, na macho yake yalinisimamisha.

Jicho la pweza linafanana na letu: lina lenzi, lina mboni, linaunda picha. Hata hivyo pweza si wa ukoo wetu. Yuko upande ule mwingine, pamoja na konokono na kombe. Jicho lake lilijijenga kivyake, na kwa mpango ulio bora katika jambo moja: nyuzi zake za neva hutoka nyuma ya tabaka linalopokea mwanga. Zetu hupita mbele ya tabaka hilo, kisha zinalazimika kulitoboa ili zifike kwenye ubongo, na pale zinapotoboa hatuoni kitu. Kila mnyama mwenye uti wa mgongo amerithi doa hilo. Kiti cha pweza, asiye na ubongo, ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza mwenye akili zote zile. Hilo ndilo jambo gumu zaidi kuwakubalisha wanafunzi.

Chakula cha mchana: chapati mbili na madondo kwenye kibanda karibu na River Road, shilingi 120. Yalikuwa matamu kweli.

Jumanne: upande wa Chiromo

Hii ndiyo siku niliyoingojea. Chiromo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Rafiki yangu wa zamani alinipangia nikutane na fundi wa maabara, mzee wa Kitui anayekaribia kustaafu, ambaye ametunza chupa za vielelezo kwa miaka mingi. Alinikalisha karibu na dirisha, akafuta meza, akaanza kupanga chupa mwenyewe bila kuniuliza nataka nini kwanza. Alijua.

Ya kwanza ilikuwa kiti cha pweza aliyepasuliwa kwa juu. Ndani kuna mfereji wa maji unaozunguka katikati na kutuma tawi kwenye kila mkono, na matawi hayo ndiyo yanayosukuma mamia ya miguu midogo iliyo chini. Maji huingia kupitia kijiwe chenye vitundu kilichoko mgongoni. Mzee alinigusisha kibano kwenye mifupa yake: vipande vya chokaa vilivyoko chini ya ngozi. Kaa amevaa gamba kwa nje, lakini huyu mifupa yake imefunikwa na ngozi, kama sisi.

"Sasa, mwalimu, kichwa chake kiko wapi?" akaniuliza.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha jibu lililonishangaza. Walitazama jeni zinazopanga mwili kutoka mbele hadi nyuma, zile zile tulizo nazo sisi, na wakakuta kwamba kwenye ngozi ya kiti cha pweza jeni za kichwa zimeenea mikono yote, huku zile za kiwiliwili karibu hazimo. Mnyama mzima ni kama kichwa kinachotambaa. Na hakuzaliwa hivyo. Lava yake, yaani mtoto ambaye bado hajafanana na mkubwa, huelea baharini ikiwa na upande wa kushoto na wa kulia, kisha mwili wa mnyama aliyekomaa, wenye pande tano, huchipuka kutoka upande wa kushoto wa lava hiyo.

Nilimkumbusha mzee habari za Hans Driesch, ambaye mwaka 1891 alizitenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha jamaa yao mwenye miiba, yule anayewachoma watoto wetu nyayo pwani. Kila seli ikakua kuwa lava kamili, ndogo lakini nzima. Seli za mwanzo za deuterostomu wengi huwa hazijafungwa kwenye kazi moja. Mapacha wa kufanana huzaliwa kwa uwezo huo huo.

Chupa ya pili ilikuwa na mnyoo mlaini aliyekatika vipande viwili, wa kundi la hemikodata. Ana pua nene ya kuchimbia mchanga, kola shingoni, kisha mwili mrefu. Mzee akamgeuza taratibu, na pale nyuma ya kola nikaviona: vitundu vimejipanga safu mbili, vikitoboa kutoka kooni hadi nje. Maji huingia mdomoni na kutokea humo. Nilikuwa nimevichora mara nyingi sana, sikuwahi kuviona. William Bateson alimchunguza mnyoo wa aina hii miaka ya 1880, na kwa sababu ya matundu haya akadai kwamba ana udugu na wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa hiyo koo lenye matundu ni la kale kuliko mfupa wa mgongo, kuliko taya, kuliko jino. Kiti cha pweza hana matundu hayo. Inaonekana wazee wake waliyapoteza njiani.

Ya tatu sikuitarajia Nairobi. Ni kile kifuko chenye midomo miwili kinachoota kwenye nguzo za gati na matumbo ya mashua, ambacho ukikibonyeza kinakurushia maji. Ni tunikata. Koti lake limejengwa kwa selulosi, kitu tunachokijua kwa mimea. Moyo wake husukuma damu upande mmoja kwa muda, kisha husimama na kuisukuma kinyume. Zamani waliwekwa pamoja na konokono na kombe. Mwaka 1866 Alexander Kovalevsky alionyesha kwamba lava wao ana mkia, na ndani ya mkia huo kuna notokodi, ule ufito unaonyooka chini ya ugwe wa neva, ambao hata sisi huwa nao tukiwa tumboni. Lava huogelea, huchagua mahali, hujigandisha kwa kichwa, kisha huuyeyusha mkia na kubaki koo tupu lenye matundu, likichuja maji. Mwaka 2006 ulinganisho wa jeni nyingi ulimweka huyu karibu nasi kuliko amfioksi, mnyama wa chupa inayofuata, jambo lililopindua mchoro niliousomea mimi shuleni.

Amfioksi huyo naye alikuwepo, si ndani ya chupa bali kwenye kioo cha darubini, amepakwa rangi nyekundu. Urefu wake ni sentimita chache tu, hana taya, hana mifupa, na notokodi yake inafika hadi ncha ya mbele. Misuli imejipanga vipande vipande ubavuni, kama uionavyo minofu ya samaki ikiachana sahanini. Matundu ya koo ni mengi na yamelala mshazari. Mzee akasogeza kioo kidogo akanionyesha mfereji ulioko sakafuni mwa koo. Mfereji huo hutoa ute wa kunasia chakula, na pia hukusanya iodini kutoka kwenye maji. Lamprei, samaki asiye na taya, akiwa mchanga anao mfereji huo huo, na anapokomaa unageuka kuwa tezi ya shingoni. Ndiyo tezi yetu ile ile inayovimba ikikosa iodini, uvimbe tunaouita rovu.

Nilikaa hapo hadi saa kumi. Mzee alikataa hata nauli. Akaniomba tu, nikirudi pwani, nimtumie picha za vielelezo vikiwa hai.

Kwa walimu wanaofikiria kufanya hivi: usiende kubisha mlango tu. Andika barua mapema kwenye idara husika, eleza unachotaka kuona, na omba siku ambayo wanafunzi hawana mitihani.

Jumatano: South C

Mvua tangu alfajiri, barabara zimejaa maji, sikutoka.

Jioni shangazi alinyamaza akinisikiliza nikieleza habari za ule mfereji wa iodini, kisha akafungua mtandio kidogo na kunionyesha kovu lake. Aliwahi kukatwa rovu. Baada ya upasuaji sauti ilimkwama wiki kadhaa, akawa anaitisha chai kwa kugonga kikombe. Baadaye ilirudi yote. "Daktari alinichorea," akasema. "Aliniambia neva ya sauti inatoka kichwani, inashuka mpaka kifuani, halafu inapanda tena nyuma ya hiyo tezi. Sasa wewe mwalimu niambie, huko kifuani inakwenda kutafuta nini?"

Nikamwambia jibu lake liko Lang'ata, na Jumamosi tutakwenda pamoja.

Alhamisi: Gikomba

Nenda asubuhi, vaa viatu vya mpira, simu weka mfuko wa ndani. Kutoka mjini ni mwendo wa miguu kupitia Kamukunji, lakini siku ya matope boda ya 100 ni bora. Soko la samaki lina harufu yake na lugha zake, na wanaolishika ni akina mama.

"Kastoma, karibu! Mbuta ama ngege?"

"Kamongo, mama."

Akanitazama mara mbili, kwa lafudhi yangu nadhani, akacheka kwa furaha na kunivuta nyuma ya meza. Kwenye beseni alikuwemo kamongo mmoja aliye hai, mrefu kuliko mkono wangu, bila maji, ni gunia bichi tu juu yake. Kila baada ya muda alifungua mdomo na kumeza hewa.

"Huyu si kama mbuta," mama akasema. "Huyu anapumua kama wewe."

Na ndivyo ilivyo. Nilimwomba anipasulie aliyekwisha kufa, nikamweleza kwa nini, naye akaita majirani wawili waje waone mwalimu wa pwani. Kisu chake kilifungua tumbo kwa mkupuo mmoja. Chini ya mgongo kulikuwa na mifuko miwili mirefu, laini, ya pinki iliyojaa mishipa. Ni mapafu. Kisha akainua kifuniko cha shavu: matamvua yalikuwepo, lakini machache na membamba, hayatoshi kumpa uhai. Kamongo mkubwa akizuiwa kufika juu ya maji hufa, ingawa ni samaki. Koo la matundu limebaki, kazi ya kupumua imehamia kwingine.

Mama hakuishia hapo. Alinyanyua kifuko cheupe kutoka kwenye mbuta (sangara) mkubwa, kile ambacho Mwanza huita bondo na wafanyabiashara hununua kwa bei ya juu kukipeleka ng'ambo. "Na hii je?" Nikamweleza kwamba kifuko hicho cha kumsaidia mbuta kuelea na mapafu ya kamongo ni ndugu, na kwamba mapafu ndiyo ya zamani. Samaki wengi wa leo wanaelea kwa kitu ambacho wazee wao walikipumulia. Wale majirani waliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa darasani muhula mzima: kama mtoto wa kamongo ana mapafu tangu mwanzo, kwa nini jamaa zake wengine hujizika kwenye matope ya kiangazi, na kama yale mapezi membamba kama kamba yana mfupa. Wachanga wao huanza na matamvua yanayoning'inia nje. Wanaojizika hujifunika kwa ute unaokauka na kungoja mvua. Na ndiyo, mapezi yana mhimili wa viungo, na kamongo huweza kujikongoja kwa hayo chini ya maji kwa kupokezana, kushoto na kulia.

Pale nilisimulia kidogo kuhusu silakanti, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alipomwona kwenye samaki waliovuliwa Afrika Kusini. Mwaka 2001 mmoja alinaswa Malindi, kwetu kabisa. Kwa muda mrefu watu walibishana nani kati ya silakanti na kamongo yuko karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Jenomu ya silakanti, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliposomwa mwaka 2013, ushindi ulikwenda kwa kamongo. Jamaa yake wa Amerika Kusini ndiye mwenye jenomu kubwa kuliko ya mnyama yeyote iliyokwisha kusomwa, karibu mara 30 ya yetu. Hiyo ilitangazwa mwaka 2024.

Nililipa 600 kwa vipande vya yule aliyepasuliwa. Mama akaniongezea kichwa bure, "kafundishie watoto," akakifunga kwenye mifuko mitatu isivuje kwenye matatu. Shangazi alikaanga minofu kwanza, kisha akaimalizia kwa tui zito, ndimu na pilipili. Kamongo wa kupaka. Nyama yake ni ngumu kidogo na ina mafuta, inataka moto wa polepole.

Ijumaa: Makumbusho ya Taifa

Yako Museum Hill, na hufunguliwa saa mbili u nusu asubuhi. Nililipa kwa simu kupitia eCitizen. Uwe na kitambulisho cha taifa mkononi ili utozwe bei ya raia. Ukitoka mjini unaweza kutembea kupitia Globe, ila mimi nilipanda matatu ya Westlands nikashuka hapo chini.

Nilianzia bustani ya nyoka kabla watoto wa shule hawajajaa. Mhudumu alinionyesha kwenye chatu zile kucha mbili ndogo zilizoko karibu na tundu la haja, mabaki ya miguu ya nyuma. Mimi nilikuwa na swali la koo. Mamba na nyoka wana kifupa kimoja tu cha sikio, na kifupa hicho katika samaki kilikuwa nguzo ya kushikilia taya, sehemu ya tao la pili la koo (tao ni ule ukuta ulioko kati ya tundu na tundu). Kwa nyoka kimeungana na mfupa wa taya. Hana tundu la sikio nje, hivyo mtikisiko wa ardhi hupita kwenye taya hadi ndani. Mhudumu alisikiliza, kisha akaniambia kwamba chatu wake hugeuza kichwa mkokoteni wa maji ukipita nje, hata akiwa hauoni.

Sisi tunaonyonyesha tuna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kile kimoja cha mamba. Nyundo na fuawe vilikuwa bawaba ya taya la wazee wetu, na Karl Reichert aliliona hilo kwenye viinitete mwaka 1837, kabla Darwin hajachapisha nadharia yake. Kiungo kipya cha taya kilipojijenga, mifupa ya zamani ilibaki bila mzigo, ikapungua, ikaingia sikioni. Kila neno ulilowahi kusikia limepita kwenye mifupa iliyowahi kutafuna, na huenda kabla ya hapo ilisimama kati ya tundu na tundu la koo.

Nilikwenda swala ya Ijumaa Jamia, nikarudi alasiri. Ndege nilipita haraka, ingawa kuna mamia na wanastahili siku yao. Nilikuwa namfuata Kijana wa Turkana. Yuko kwenye chumba chake, mifupa yenyewe, si nakala. Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha paji la uso kando ya mto Nariokotome mwaka 1984, kipande ambacho mtu mwingine angekikanyaga, na kutokana na hicho ukachimbuliwa karibu mwili mzima wa mtoto aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya alifariki mwaka 2022. Kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa Kenya anapaswa kulijua jina lake kabla ya majina ya wageni waliomwajiri.

Nilisimama pale muda mrefu nikimtazama taya na shingo. Mtoto huyu alipokuwa tumboni, katika wiki zake za mwanzo, shingo yake ilikuwa na matao kama ya kiinitete cha samaki. Kwa samaki nafasi zake hutoboka. Kwetu hazitoboki: moja hubaki kuwa njia ya hewa kutoka kooni hadi sikioni, ile inayolia ukimeza mate ndani ya ndege, na nyingine hutoa tezi zinazopima kalsiamu ya damu.

Jumamosi: Lang'ata

Mimi na shangazi tulipanda matatu namba 24 mjini, tukashuka Hardy, tukatembea. Njiani mvua ilitukuta, na mlinzi wa lango moja akatupa viti chini ya paa lake hadi ilipopungua. Giraffe Centre ni afadhali ufike asubuhi, twiga wakiwa bado na njaa.

Kwenye jukwaa unasimama sawa na kichwa cha twiga. Shangazi, ambaye njiani alisema atatazama kwa mbali, alimlisha wa kwanza kwa kiganja, akalambwa hadi kiwiko, akaomba chakula zaidi. Ndipo nikamjibu swali lake, nikimwonyesha kwa kidole kwenye shingo ile ndefu.

Katika samaki, moyo uko karibu na matamvua. Kila tao la koo lina mshipa wake wa damu, na neva kutoka ubongoni hushuka moja kwa moja, tawi kwa kila tao, ikipita nyuma ya mshipa. Hakuna mzunguko wowote. Shingo ilipoanza kurefuka na moyo kushuka kifuani, mishipa ile ilishuka nao, na neva iliyokuwa imepita nyuma yake ikavutwa pamoja nayo. Haikuweza kuruka upande wa pili, maana mwili hujengwa upya kila mimba kwa kufuata hatua zile zile. Upande wa kushoto inazunguka mshipa mkuu utokao moyoni, ndipo inapanda kwenye koromeo, sauti inakotokea. Kwa twiga, mwenye pingili saba tu za shingo kama wewe na mimi, neva hii husafiri zaidi ya mita 4, wakati koromeo liko sentimita chache kutoka ilikoanzia. Ni kama mtu atoke Westlands kwenda Parklands kwa kupitia Machakos.

"Kwa hiyo haikuwa inatafuta kitu," shangazi akasema.

"Haikutafuta. Ilivutwa."

Akamtazama twiga anavyotafuna. "Basi yule daktari alikuwa na kazi," akasema, "kukata hapo bila kuigusa."

Ni kweli. Tezi iliyotokana na mfereji kama ule wa amfioksi imelaliwa nyuma na neva ya matamvua, na wapasuaji huitafuta neva hiyo kwanza kabla ya kutoa chochote.

Tulikula nyama choma na kachumbari tukirudi, 800 kwa wawili, chai juu yao.

Jumapili: kurudi

Treni ya usiku huondoka Syokimau saa nne na kukufikisha Miritini kabla ya alfajiri. Kwa anayekwenda kaskazini mwa Mombasa saa hizo ni mbaya. Mimi nilingoja kituoni na abiria wengine hadi kupambazuka, na mzee mmoja wa Mtwapa akanigawia nafasi kwenye gari la mwanawe.

Kwa mwalimu atakayetaka kuja na darasa: chukua barua ya shule yenye muhuri kwa ajili ya bei ya wanafunzi, weka Gikomba mapema asubuhi na kundi dogo, na siku ya twiga ondokeni mjini kabla ya saa mbili. Kichwa cha kamongo nilikiweka kwenye chumvi ndani ya mkebe na kilifika salama. Kiko maabara yetu ya Kidato cha Tatu, meno yake mapana ya kusagia konokono yakiwa yameonekana vizuri.